Nani Atamlea Tukiondoka? Mtoto Mwenye Ulemavu na Sikukuu za Ukoo

 

Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, na ni mama wa kijana mwenye mtindio wa ubongo. Kwa nafasi hizo mbili nimekaa na wazazi wengi wenye watoto kama wangu, kwenye mabenchi ya kliniki za mazoezi, kwenye vikao vya shule, na barazani jioni. Mazungumzo yetu huanza na dawa, nauli na bei ya kiti cha magurudumu. Yakishakolea, karibu kila mara hufika mahali pamoja. Mzazi mmoja hushusha sauti na kuuliza: nikifa mimi, nani atamlea mtoto huyu?

Leo nataka kulijibu swali hilo. Atalelewa na mtu anayemjua. Namaanisha mtu anayejua kijiko kishikwe vipi ili asipaliwe, anayejua analala ubavu upi, anayetofautisha kilio cha njaa na kilio cha maumivu, na anayejua kinachomchekesha. Mtu wa namna hiyo hapatikani siku ya msiba, pale wanaukoo wanapokaa kikao na kutazamana. Anaandaliwa miaka mingi kabla. Na kwa familia nyingi zetu zinazoishi Dar es Salaam, Mwanza au Dodoma, mbali na kwa babu na bibi, wakati pekee wa kumwandaa ni likizo na sikukuu. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba safari ya sikukuu kwa mtoto mwenye ulemavu ni sehemu ya malezi yake, kama zilivyo dawa zake na mazoezi yake. Familia inayomwacha nyuma kila mwaka inamnyima walezi wake wa kesho.

Tutazame sikukuu zetu zilivyo. Shule hufungwa Desemba, na barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro hujaa. Wachaga wanarudi Rombo, Machame, Kibosho na Marangu. Katika wiki hizo mbili au tatu kuna ndoa, ubatizo, kipaimara na vikao vya ukoo. Makaburi husafishwa, mipaka ya kihamba, shamba la migomba la ukoo, hukumbushwa, na watoto waliozaliwa mjini hupelekwa kwa wazee wakaoneshwe. Huko ndiko mtoto anakoambiwa: huyu ni baba yako mdogo, huyu ni shangazi yako, yule ni binamu yako. Kule Unguja na Pemba, Idi ina kazi hiyo hiyo. Watoto huvishwa nguo mpya, huzungushwa nyumba kwa nyumba kuwaamkia wakubwa na kupewa pesa za sikukuu, kisha jioni huelekea viwanjani, Mnazi Mmoja kwa watu wa mjini Unguja, Tibirinzi kwa watu wa Chake Chake. Ukiwauliza watoto hao Idi ni nini, watakutajia pembea na nguo. Mtu mzima anajua kuna kingine kinachofanyika: mtoto anaandikwa katika vichwa na mioyo ya watu wake.

Sasa niulize: katika nyumba ngapi kuna mtoto mmoja asiyepanda basi hilo, asiyevishwa nguo hiyo? Baba na watoto wengine wanakwenda, mama anabaki naye mjini. Au wote wanakwenda, naye anaachwa na binti wa kazi. Au yuko kijijini, lakini wageni wakija anapelekwa chumba cha nyuma. Ndugu hukua wakijua tu kwamba fulani ana mtoto mgonjwa. Jina lake hawalijui, sura yake hawaijui. Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini, na hapo ndipo wasiwasi wa mzazi unapoanzia. Tumewaomba ndugu wamthamini mtoto ambaye hatujawapa nafasi ya kumjua.

Sisemi hivi kuwalaumu akina mama. Najua sababu zao, kwa kuwa ni zangu pia, nami nitazichukua moja moja.

Sababu ya kwanza ni maneno ya watu. Kuna wanaosema mtoto huyu ni mkosi, ni laana, ni matokeo ya mama kuvunja mwiko. Kuna ndoa zilizovunjika kwa maneno hayo, na mama akabaki peke yake na mtoto. Kwa hiyo tuseme wazi hapa ukweli wa kitabibu. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kudhurika kabla ya kuzaliwa, wakati wa kujifungua, au katika miaka ya mwanzo. Mtoto anaweza kuwa amekosa hewa uchungu ulipochukua muda mrefu. Anaweza kuwa alizaliwa njiti, au alipata umanjano mkali usiotibiwa mapema, au homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Mgongo wazi, yaani uti wa mgongo wa mtoto kutofunga sawasawa, nao hutokea wiki za kwanza kabisa za ujauzito, mara nyingi kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito, na upungufu wa foliki asidi ni moja ya mambo yanayoongeza hatari yake. Mtindio wa ubongo hauambukizi, wala mgongo wazi hauambukizi. Binamu yake anaweza kumshika, kula naye na kulala naye kitanda kimoja. Mzee wa ukoo akilisema hilo mara moja mbele ya watu, kwa sauti yake mwenyewe, anafanya kazi ambayo daktari wa mjini hawezi kuifanya.

Sababu ya pili ni ugumu wa safari. Huu ni wa kweli. Kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500, na mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe huumia njia nzima asiposhikiliwa vizuri. Akiwa mdogo unambeba mgongoni kwa kanga. Akifika miaka tisa au kumi, mgongo wa mama unakataa. Basi linasimama dakika chache kwa chakula, na mahali pa kuchimba dawa ni kichakani, ambako huwezi kumbadilishia nepi mtoto mkubwa kwa heshima.

Pamoja na hayo, safari inapangika. Tafuta siti mbili, moja iwe yake, upande wa dirisha, katikati ya basi ambako mtikisiko ni mdogo kuliko nyuma. Zungumza na konda kabla ya siku ya safari, siyo asubuhi ya msongamano. Chukua mito midogo au nguo zilizokunjwa umkingie ubavuni na chini ya magoti. Dawa za kifafa zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiwekwe kwenye buti, na ziwe za siku nyingi kuliko siku za likizo, kwa kuwa kuziacha ghafla kunaweza kuleta mfululizo wa degedege usiokatika. Kama ratiba inaruhusu, igaweni safari, mlale Korogwe au Same kwa ndugu. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi iliporudishwa Desemba 2019, baadhi yetu tuliifurahia kwa sababu moja tu: ndani ya treni mtu anaweza kusimama, kujinyoosha, na kumgeuza mtoto.

Sababu ya tatu ni gharama, na hapa nitazungumza na wanaukoo. Sisi ni mabingwa wa michango. Tunachangia sherehe ya kumuaga bibi harusi, harusi yenyewe, na msiba. Siti ya pili ya mtoto huyu ni nauli ya mtu mmoja. Ukoo wenye watu thelathini mjini hauwezi kushindwa kuilipa, ila hakuna aliyeiweka kwenye ajenda. Iwekeni. Mtoto akifika kwa nauli iliyolipwa na wajomba na baba wadogo, anafika akiwa wa wote.

Tukifika nyumbani, kazi inabadilika. Mazingira ya kwetu Kilimanjaro, milimani, ni mazuri kwa macho na magumu kwa magurudumu. Kihamba kina miteremko, na mvua za vuli huacha tope. Kiti cha magurudumu cha mjini hukwama kwenye migomba siku ya kwanza. Ushauri wangu ni kuwa na kiti cha pili kinachokaa huko huko kwa bibi. Fundi seremala wa kijijini anaweza kukichonga ukimpa vipimo vya mtoto: urefu wa paja, urefu wa mguu chini ya goti, upana wa nyonga. Viko pia viti vya karatasi, vinavyotengenezwa kwa maboksi na magazeti yaliyogandishwa kwa uji wa unga, ufundi ulioenezwa kutoka Zimbabwe na ambao walimu wa watoto wenye ulemavu wameutumia katika nchi nyingi za Afrika. Ni vyepesi, na vikipakwa vanishi hudumu. Kiti kikikaa sebuleni kwa bibi mwaka mzima, kila anayeingia anauliza ni cha nani, na bibi anataja jina.

Choo cha shimo nacho kina suluhisho. Kiti cha mbao au cha plastiki kilichotobolewa katikati, kikawekwa juu ya shimo au juu ya ndoo, kinampa mtoto heshima yake na kinaokoa mgongo wa anayembeba. Mtoto wa mgongo wazi anayetolewa mkojo kwa mpira anahitaji maji safi, sabuni na mahali pa faragha mara kadhaa kwa siku. Hilo liandaliwe kabla hajafika, kwani akicheleweshewa anaweza kupata maambukizi yanayofika kwenye figo.

Kuhusu chakula, tuna bahati ambayo hatujaitambua. Mezani pa sikukuu zetu tayari kuna chakula chake. Mtori wa Kichaga, ndizi na nyama vilivyopondwa hadi vikalainika, unamfaa kabisa mtoto anayeshindwa kutafuna. Bokoboko ya pwani, ngano na nyama iliyosongwa hadi ikavutika, inamfaa vilevile ikilegezwa kidogo. Hana haja ya kupikiwa uji wa peke yake wakati wenzake wanakula sikukuu. Muhimu ni namna ya kumlisha. Akae wima, kichwa kisilale nyuma, kidevu kielekee chini kidogo. Mlishaji akae mbele yake, macho yakutane. Kijiko kiwe kidogo, na kila tonge lisubiri lililotangulia limezwe. Tusimlishe akiwa amelala chali, na tusimharakishe. Chakula kikiingia mapafuni huleta homa ya mapafu, na hiyo imewaondoa watoto wetu wengi.

Kwa watoto wenye usonji, adui mkubwa wa sikukuu ni kelele na mambo ya ghafla. Spika za muziki, watu hamsini wanaomkumbatia bila kumtaarifu, kulala kitanda kigeni: vyote hivyo vinaweza kumfanya apige kelele, ajipige, au akimbie. Wanaukoo waone hapo mtoto aliyeelemewa, wasiseme hana adabu. Mtayarisheni kwa picha za nyumba na za watu atakaowakuta. Atengewe chumba kimoja tulivu ambacho hakuna anayeingia na sahani. Spika igeuzwe upande mwingine. Na kwa kuwa baadhi yao hupenda maji na hutoroka kimya kimya, mtu mzima mmoja awe na zamu ya kumwangalia, hasa kwetu ambako mifereji ya maji inapita katikati ya migomba.

Kila ndugu ajue pia jambo moja kuhusu kifafa. Mtoto akianguka, mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, ondoa vitu vigumu karibu yake, angalia saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimmwagie maji, usimshikilie kwa nguvu. Mitukutiko ikizidi dakika tano, au ikijirudia kabla hajazinduka, ni safari ya hospitali. Ukoo mzima unaweza kufundishwa hayo baada ya chakula cha jioni, na hofu iliyojengwa kwa miaka itapungua usiku huo huo.

Mmeona sasa ninakoelekea. Kulisha, kugeuza, kubeba, kuangalia: yote haya ni ujuzi, na ujuzi huingia kwa kutenda. Mkono mmoja haulei mwana, lakini mikono mingine haitajua la kufanya isipoguswa na kazi hiyo. Kwa hiyo napendekeza kila likizo familia ijiwekee lengo la kuwafundisha watu wawili wapya. Mwaka huu shangazi na binamu mmoja mkubwa. Mwakani baba mdogo na mkewe. Mama asimame pembeni, aelekeze kwa maneno, azuie mikono yake. Siku ya kwanza chakula kitamwagika. Siku ya nne mtoto atakuwa ameizoea sauti ya mlishaji wake mpya, na mlishaji atakuwa ameanza kusimulia jinsi huyu mtoto anavyokataa maharage kwa kufumba mdomo na kucheka.

Nililiona hilo kwa kaka yangu, mtu mkimya wa shambani. Alimwogopa mwanangu kama wanaume wengi wanavyoogopa watoto wa namna hii: alidhani atamvunja. Jioni moja nilimkabidhi bakuli, nikampa maelezo, nikaenda jikoni kwa mama. Leo hii akipiga simu kutoka kijijini, anaanza kumwulizia yeye kabla yangu, na anataka kujua kama bado anakataa maziwa ya moto. Huyo ni mlezi ambaye mwanangu anaye, na alipatikana kwenye sikukuu.

Kuwafundisha walezi wapya kuna faida ya pili: mama analala. Wengi wetu hatujalala usiku mzima tangu watoto wazaliwe, maana mtoto anayekakamaa misuli huamka na kutaka kugeuzwa. Likizo ambayo mama anafanya kazi ile ile, ila mahali pasipo na maji ya bomba, haistahili jina hilo. Wakwe na wifi wakimwambia mama, leo tuachie mtoto, nenda kanisani au nenda sokoni, au kalale tu, wanampa zawadi kubwa kuliko kitenge. Na baba naye asijifiche kwenye kundi la wanaume wanaochoma ndafu, mbuzi mzima wa sikukuu. Watoto wa kiume wa ukoo wakimwona anambadilishia mwanawe nepi mchana kweupe, wamefundishwa uanaume kwa mfano.

Tusiwasahau ndugu zake wa tumbo moja. Hao hukomaa mapema. Wamezoea kusikia subiri kwanza, nipo na mwenzako. Likizo iwape saa za mama au baba peke yao, kwenda kuogelea mtoni au kutembea na babu. Wasikabidhiwe ulezi wa maisha yote kabla hawajamaliza utoto wao. Ukoo ukipanuka kumzunguka mtoto, mzigo wa ndugu hao unapungua.

Kuna watoto ninaowakumbuka kila shule zinapofungwa, wale wanaosoma bweni katika shule na vituo vya watoto wenye ulemavu. Wenzao wanachukuliwa, mabweni yanabaki na wachache ambao hakuna aliyewafuata. Wengine wazazi wao hawana nauli. Wengine, hasa watoto wenye ualbino walioletwa vituoni kwa usalama wao wakati wa mauaji ya kutisha ya watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa, walikaa miaka mingi bila kurudi kwao. Bweni linampa mtoto elimu na ulinzi, na walimu na matroni wengi wanawapenda watoto hawa kwa dhati. Lakini matroni atastaafu, na shule ina darasa la mwisho. Mzazi mwenye mtoto bweni, nakuomba: hata kama huwezi kumchukua likizo zote, mchukue ya Desemba. Na ukishindwa hata hiyo, nenda ukamwone na umpeleke binamu yake mmoja.

Haya yote hatuyaombi kama hisani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unamtambulia kila mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, tuliouridhia 2009, katika kifungu cha 23 unataka mtoto mwenye ulemavu awe na haki sawa ya maisha ya familia, asifichwe, asitelekezwe wala kutengwa. Kifungu cha 30 kinazungumzia mapumziko, michezo na burudani. Bunge letu likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Wamiliki wa mabasi, viongozi wa stendi, wenye viwanja vya watoto na hoteli za ufukweni waelewe kwamba njia ya mteremko, choo kipana na mfanyakazi aliyefundishwa ni wajibu wao. Vilevile padri, mchungaji na imamu: mlango wenye ngazi sita bila mteremko unamwambia mtoto abaki nje siku ambayo ukoo wote uko ndani.

Najua kuna watoto ambao afya zao haziruhusu safari ndefu. Wapo wanaotegemea oksijeni, wapo ambao kifafa chao hakijatulia. Daktari akisema asisafiri, tumtii. Hapo sikukuu ndiyo isafiri. Mwaka huo babu na bibi wapande basi waje mjini, binamu wawili waje wakae wiki nzima, ndafu ichomwe uani kwenu. Kilicho muhimu ni watu kukutana naye, na mahali pa kukutana panaweza kubadilika.

Ndugu zangu, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu huadhimishwa tarehe 3 Desemba, siku chache kabla ya familia kuanza kufunga mizigo. Hotuba zitatolewa na viti vya magurudumu vitagawiwa, na tunashukuru. Mimi naomba kabla ya siku hiyo kila mmoja wenu apige simu moja. Kama una mtoto mwenye ulemavu, mpigie ndugu unayetamani awe mlezi wake, umwambie tunakuja, nataka ukae naye. Kama huna, mpigie ndugu yako mwenye mtoto huyo. Usimuulize kama atakuja. Muulize mtoto anakula nini, analala vipi, kiti chake kina upana gani, ili fundi aanze kazi.